Aliyekukopa Amefungua Kesi ya Ufilisi Marekani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umemkopesha mtu anayeishi Marekani, au unamdai kodi ya nyumba, ujira wa kazi, bei ya gari. Miezi imepita, simu hapokei, kisha unasikia kwa watu kwamba "amefaili bankrapsi". Kabla hujamtumia ujumbe mwingine wa kumkumbusha, soma hapa. Majibu haya yanahusu sheria ya shirikisho ya Marekani peke yake, tena ni maelezo ya jumla. Wakili aliyeshika karatasi zako ndiye anayeweza kusema juu ya kesi yako.

Katika ukurasa huu mdai ni wewe unayedai, na mdaiwa ni yeye anayedaiwa.

Kufungua kesi ya ufilisi si ndiyo kuishiwa pesa?

Sivyo. Mtaani muflisi ni mtu asiye na kitu. Mahakamani mtu anaweza kuwa na kazi, gari na nyumba na bado akafungua kesi ya ufilisi. Mwingine hana hata senti na hajafungua chochote. Kinachobadilisha haki zako ni ombi lililopokelewa na mahakama ya ufilisi, na tarehe lilipopokelewa. Kabla ya tarehe hiyo unadai kama kawaida. Kuanzia hapo sheria imekufunga mikono, uwe umejua au hujajua.

Anasema amefaili. Nimwamini?

Mwombe vitu vitatu: namba ya kesi, jina la mahakama, na tarehe ya kufungua. Aliyefungua kweli anavyo vyote kwenye karatasi zake, na hakuna sababu ya kuvificha kwa kuwa ni taarifa za wazi kwa umma. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya kesi ni mwaka: kesi inayoanza na 24 ilifunguliwa 2024.

Ukijibiwa "wakili wangu anashughulikia", basi pengine bado. Mtu binafsi hulazimika kupata ushauri wa madeni kutoka kwa shirika lililoidhinishwa ndani ya siku 180 kabla ya kufungua kesi, na wengi humlipa wakili kidogo kidogo kwa miezi kadhaa kabla karatasi hazijafika mahakamani. Katika kipindi hicho anaweza kukuambia "nina wakili" na akawa hasemi uongo, lakini kesi hakuna. Wapo pia waliojiunga na kampuni za kupatanisha madeni, wanalipa kila mwezi na kuamini kwamba huo ndio ufilisi. Sio.

Angalizo moja: usiipuuze kauli yake kwa sababu tu imekuja kwa WhatsApp. Utaona huko mbele kwamba ujumbe wa namna hiyo unaweza kukugharimu.

Nikitaka kuhakikisha mwenyewe bila kumuuliza, naanzia wapi?

Njia nyepesi ni simu. Mahakama za ufilisi zina huduma ya sauti inayoitwa McVCIS, namba 866-222-8029, haina malipo na inajibu saa 24. Mashine itakuuliza mahakama unayoitaka, kisha utatafuta kwa jina, kwa namba ya kesi au kwa namba ya Usalama wa Jamii (Social Security). Itakusomea namba ya kesi, tarehe, sura ya sheria iliyotumika, jina la wakili, msimamizi wa mali, na kesi imefikia wapi. Ubaya wake ni kwamba mashine husikia majina kwa sikio la Kimarekani. Jina refu la Kiswahili au la Kisomali litakutoa jasho. Bora ulibonyeze herufi kwa herufi.

Njia ya uhakika zaidi ni PACER, mfumo wa mtandao wa mahakama za shirikisho, pacer.uscourts.gov. Unajisajili, kisha unaingia kwenye kipengele chake cha Case Locator ambacho hutafuta nchi nzima kwa mara moja. Gharama ni senti 10 kwa ukurasa, na waraka mmoja hauzidi dola 3 hata ukiwa na kurasa mia. Matumizi yako yasipozidi dola 30 kwa robo ya mwaka, hulipi kitu. Kwa mtu anayemfuatilia mdaiwa mmoja, hiyo maana yake ni bure. Jihadhari tu na jambo hili: ule ukomo wa dola 3 haugusi matokeo ya kutafuta kwa jina. Ukiandika jina la kawaida kama Mohamed Ali bila kubana eneo wala mwaka, utaletewa kurasa kwa kurasa, na kila moja ina senti 10 zake.

Njia ya tatu ni kwenda mwenyewe kwenye masjala ya mahakama ya ufilisi. Zina kompyuta za wananchi ambazo kusoma ni bure na kuchapisha ndiko kunakolipiwa. Karani hatakupa ushauri wa kisheria, usimlaumu, amekatazwa. Lakini atakuonyesha pa kubonyeza.

Kuna pia CourtListener, hazina ya bure ya nyaraka ambazo watu wengine walishazinunua PACER. Ukikuta kesi humo, umeokoa senti zako. Usipoikuta, hujathibitisha lolote.

Nimetafuta jina lake, sikuona kitu. Ina maana hajafungua?

Haraka, haraka haina baraka. Hapa ndipo watu wetu wanapokosea zaidi, na kosa liko kwenye jina.

Fomu za Kimarekani zinataka jina la ukoo na jina la kwanza. Majina yetu hayakuzaliwa hivyo. Mtu anayeitwa Fatuma Ali Mwinyi anaweza kuwa amesajiliwa kama Mwinyi, Fatuma; au Ali, Fatuma; au jina la mume likawekwa mwisho; au majina mawili yakaunganishwa kwa kistari. Mohamed ana tahajia zaidi ya nne. Wengine majina yao yaligeuzwa kwenye viza au kwenye kambi, na hivyo ndivyo yalivyobaki kwenye kila karatasi ya Marekani. Kompyuta inatafuta kilichoandikwa, haijui ulichokusudia. Jaribu kila mpangilio. Tazama pia jina lilivyoandikwa kwenye hundi yake, kwenye mkataba, kwenye muamala wa benki, maana hilo ndilo jina lake la Kimarekani, liwe zuri au baya.

Fomu ya kufungulia kesi inamtaka mdaiwa ataje majina mengine yote aliyotumia katika miaka 8 iliyopita, kwa hiyo wakati mwingine jina la zamani nalo litakuletea kesi.

Kisha kuna suala la mahali. Kesi hufunguliwa kwenye wilaya ya mahakama ambako mdaiwa ameishi sehemu kubwa zaidi ya siku 180 zilizotangulia. Aliyehamia Texas mwezi uliopita kutoka Minnesota atakuwa amefungulia Minnesota. Na Texas yenyewe ina wilaya nne, kama ilivyo California na New York. Ndiyo maana ukitafuta kwenye mahakama moja tu unaweza kulala ukidhani hakuna kitu.

La tatu ni muda. Case Locator hupokea taarifa mpya kutoka mahakamani kila usiku. Kesi ya leo asubuhi unaweza usiione leo jioni. Ukihisi imefunguliwa leo, tafuta kwenye mfumo wa mahakama yenyewe.

Na la mwisho, tafuta biashara. Kama uliyemkopesha ni kampuni yake, kesi inaweza kuwa kwa jina la kampuni. Ni watu wawili tofauti mbele ya sheria: kampuni ikifungua, yeye binafsi hajafungua, na kama alikudhamini kwa sahihi yake bado unaweza kumdai yeye. Mke na mume ni vivyo hivyo. Wanaweza kufungua pamoja, lakini mmoja akifungua peke yake hajamfungulia mwenzake.

Nimepata watu watatu wenye jina hilohilo. Nitamjuaje wangu?

Nyaraka za wazi huonyesha tarakimu nne za mwisho za namba ya Usalama wa Jamii. Kama unazo kwenye mkataba wa upangaji au fomu ya kazi, umemaliza. Kama huna, fungua ombi lenyewe usome anwani. Anwani ikifanana na ile uliyokuwa ukimpelekea barua, ndiye.

Siwezi kuangalia tu taarifa zake za mikopo? Au gazeti?

Taarifa za mikopo za mtu huwezi kuzichota bila sababu inayokubalika kisheria, na kutaka kujua habari zake si sababu. Magazeti nayo kwa kawaida hayachapishi kesi za watu wa kawaida. Kwa kampuni kubwa zilizo chini ya Sura ya 11 mambo ni mepesi: mara nyingi huwa na wakala wa madai mwenye tovuti inayoweka nyaraka zote bure.

Mimi sikuletewa barua yoyote. Si walipaswa kunijulisha?

Walipaswa, kama mdaiwa alikuandika. Anapofungua kesi hutoa orodha ya wadai wake wote na anwani zao, na mahakama hutuma taarifa kwa orodha hiyo. Akikosea anwani, au akaandika ile uliyohama miaka mitatu iliyopita, barua itaenda huko. Akikusahau, au akaona aibu kukuandika kwa sababu wewe ni shemeji yake, hutapata kitu.

Barua yenyewe haina mbwembwe. Ni bahasha ya kawaida, ndani karatasi chache zenye maandishi madogo, na watu wengi huitupa pamoja na matangazo. Mimi ningepekua rundo la barua kwanza kabla ya kulipia hata senti moja PACER. Humo mna namba ya kesi, tarehe, jina la msimamizi, siku ya kikao cha wadai na tarehe za mwisho za kuwasilisha vitu. Hizo tarehe ndizo mali.

Nimeipata kesi. Sura ya 7, Sura ya 13, hizi ni nini?

Ni sura za Kanuni ya Ufilisi ya Marekani, iliyotungwa 1978.

Sura ya 7 ni ya kufilisi. Msimamizi anatazama mali ya mdaiwa, anaiacha ile iliyokingwa na sheria, na iliyobaki anaiuza na kugawia wadai. Kwa watu binafsi mara nyingi hakuna kinachobaki, na wadai wa kawaida hawapati kitu. Ndani ya takribani miezi minne tangu kufunguliwa, mdaiwa husamehewa madeni yake mengi.

Sura ya 13 ni ya mtu mwenye kipato. Anabaki na mali yake, analipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5 kupitia kwa msimamizi, na msamaha huja mwishoni. Kwa mdai hii ina matumaini kidogo zaidi, lakini ina sharti ambalo nitalieleza.

Sura ya 11 ni ya kupanga upya madeni, hasa ya biashara. Sura ya 12 ni ya wakulima na wavuvi.

Inasema kesi "imefungwa". Basi deni langu limekufa?

Neno hili limewapotezea watu pesa, kwa hiyo tulitazame polepole.

Kufungwa kunamaanisha jalada limerudishwa kabatini, basi. Hakukwambii limerudishwa kwa sababu gani. Unachotafuta ni moja kati ya mambo mawili mengine. La kwanza ni msamaha wa madeni, amri ya jaji inayomwondolea mdaiwa wajibu wa kulipa. La pili ni kutupwa kwa kesi: mdaiwa hakuleta karatasi, hakulipa ada, hakuhudhuria kikao au alishindwa kulipa mpango wake, mahakama ikaitupa. Kesi ikitupwa deni liko palepale, na unaweza kudai tena.

Kwenye Sura ya 13 kutupwa si jambo la ajabu, mpango wa miaka mitano ni mrefu na maisha yana mikasa yake. Kuna watu wameacha kudai kwa miaka kwa sababu waliambiwa "alifaili", kumbe kesi ilitupwa mwezi wa tatu. Usisome kichwa cha jalada tu. Shuka kwenye orodha ya nyaraka mpaka uone amri yenyewe na tarehe yake.

Ulikuwa na wasiwasi kwamba muda wa kushtaki umekupita wakati kesi ikiendelea? Sheria inakuongezea: kama muda wako uliishia katikati ya zuio, unapata walau siku 30 baada ya kujulishwa kwamba zuio limekwisha. Siku 30 ni chache, kimbia kwa wakili.

Zuio? Zuio gani?

Dakika ile ombi linapopokelewa, zuio linaanza lenyewe, bila jaji kusaini chochote. Linakataza kitendo chochote cha kudai deni la kabla ya kesi. Kupiga simu, kutuma ujumbe, kumshtaki, kuendelea na kesi uliyokwisha kumshtaki, kukata mshahara wake, kuchukua gari. Maneno ya sheria ni mapana, "kitendo chochote", hivyo usidhani ukimtuma mama yake, mchungaji au wazee wa jamii wakamkalishe kikao cha deni umekwepa.

Aliyevunja zuio akijua anaweza kuamriwa kumlipa mdaiwa hasara yake pamoja na ada za wakili. Mtu aliyekuja kudai dola 2,000 anaweza kuondoka akidaiwa yeye.

Kesi za jinai hazizuiwi. Kuweka na kutekeleza matunzo ya mtoto nako kuna milango yake.

Mimi nilimdai wiki iliyopita, sikujua. Nimevunja sheria?

Kwa kuwa hukujua, hukufanya makusudi, na adhabu ile inahitaji makusudi. Lakini ulichofanya hakina nguvu, au kinaweza kubatilishwa. Acha mara moja. Kama ulipata hukumu au ulichukua pesa baada ya tarehe ya kesi, tazama namna ya kuirudisha nyuma. Kuanzia siku uliyojua, kimya.

Alikuwa na kesi mwaka jana ikatupwa, sasa amefungua nyingine. Zuio bado lipo?

Swali zuri. Kama alikuwa na kesi moja iliyotupwa ndani ya mwaka uliotangulia, zuio la sasa hupungua nguvu baada ya siku 30 isipokuwa mahakama iliongeze. Kama zilikuwa mbili au zaidi, halianzi kabisa mpaka aombe. Mahakama hazikubaliani zote juu ya upana wa kanuni ya siku 30, kwa hiyo usilitumie jibu hili kama ruhusa ya kumpigia simu. Na kama alishasamehewa chini ya Sura ya 7, hawezi kusamehewa tena chini ya sura hiyohiyo kwa kesi iliyofunguliwa kabla ya miaka 8 kupita tangu kesi ya kwanza ifunguliwe.

Sasa nimejua amefungua. Nifanye nini ili nami nipate changu?

Fungua orodha yake ya madeni yasiyo na dhamana. Katika nyaraka inaitwa Jedwali E/F. Tafuta jina lako, kiasi na anwani. Kiasi kikiwa pungufu, ndiyo sababu zaidi ya kujitokeza.

Kisha ujaze hati ya madai. Ni fomu fupi namba 410, haina ada, huhitaji wakili, unaambatanisha ushahidi wa deni: mkataba, muamala, hata mazungumzo ya simu aliyokiri. Katika kesi za Sura ya 7, 12 na 13 alizofungua mdaiwa mwenyewe, mdai wa kawaida ana siku 70 tangu tarehe ya kufungua. Kwenye Sura ya 13 hati hii ndiyo kila kitu. Mpango unaweza kulipa wadai kwa miaka mitano huku wewe ukitazama, kwa sababu tu hukujaza karatasi.

Kwenye Sura ya 7 isiyo na mali, taarifa ya mahakama yenyewe itakwambia usilete madai kwa sasa. Tii. Msimamizi akigundua mali baadaye utatumiwa taarifa nyingine, na utapewa muda mpya.

Kuna pia kikao cha wadai, ambacho siku hizi hufanyika zaidi kwa video. Mdaiwa anajibu chini ya kiapo maswali ya msimamizi, na wadai wanaruhusiwa kuuliza. Huhitaji wakili ili kuuliza, na usipohudhuria hupotezi haki. Watu huenda wakitarajia ugomvi. Kwa kawaida ni dakika chache za maswali makavu.

Kama unajua ana kiwanja au akaunti ambayo hakuitaja, mwandikie msimamizi na kumpa ushahidi. Kuficha mali katika kesi ya ufilisi ni jinai ya shirikisho, kifungo hufika miaka 5, na anaweza kunyimwa msamaha wote. Lakini peleka unachokijua, si unachokisikia msibani.

Niko nje ya Marekani. Haya yote yananihusu?

PACER inafunguka ukiwa popote, na hati ya madai unaweza kuituma ukiwa popote. Ukipata taarifa kwa kuchelewa kiasi cha kushindwa kuwahi tarehe, mahakama inaweza kukuongezea muda ukiomba.

Alinilaghai. Alichukua pesa akijua hatalipa. Hilo nalo linasamehewa?

Baadhi ya madeni hayasameheki. Matunzo ya mtoto hayasameheki, wala mdai hahitaji kupigania hilo. Lakini deni la udanganyifu, la wizi wa pesa alizokabidhiwa (mfikirie mweka hazina aliyekula pesa za kikundi) au la kudhuru kwa makusudi husamehewa usipofungua shauri la kupinga. Na muda wake ni mfupi: siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa kwa kikao cha wadai. Ni tarehe iliyopangwa kwanza, hata kikao kiahirishwe mara tatu. Kuongeza muda lazima kuombwe kabla haujaisha.

Ada ya kufungua shauri hilo ni dola 350, na wakili ni juu yake. Kuna na mtego. Kwa deni la matumizi ya nyumbani, ukidai ulilaghaiwa ukashindwa, na jaji akaona hukuwa na msingi wa maana, unaweza kulipishwa ada za wakili wa mdaiwa. Kutolipa peke yake si ulaghai. Unatakiwa kuonyesha uongo wa siku ile alipochukua pesa. "Aliniambia atalipa Desemba" haitoshi. Kukuonyesha barua ya kazi ya kughushi, hapo kuna jambo.

Hakuniandika kwenye orodha yake. Si nimeponea?

Inategemea ulijua nini na lini. Deni ambalo halikuorodheshwa kwa wakati linaweza kunusurika msamaha, ila kama mdai alijua habari za kesi kwa njia nyingine mapema kiasi cha kuweza kujitetea, kutoandikwa hakumsaidii. Ndio ule ujumbe wa WhatsApp niliousema mwanzo. Ukishaandikiwa "nimefaili", unahesabika unajua, na saa inakwenda. Aidha, katika Sura ya 7 isiyo na mali, mahakama nyingi huona deni la kawaida lililosahauliwa limesamehewa vilevile, kwa kuwa hata ungeandikwa usingepata kitu. Deni la ulaghai ndilo lenye nafasi bora hapa.

Alinilipa nusu miezi sita kabla ya kufungua kesi. Ninaweza kuulizwa?

Unaweza. Msimamizi hutazama malipo ya siku 90 kabla ya kesi, na kwa ndugu na watu wa karibu kisheria hutazama mwaka mzima. Aliyelipwa wakati wenzake hawakulipwa anaweza kutakiwa kurudisha ili pesa zigawanywe. Kaka wa mdaiwa aliyelipwa miezi sita nyuma yumo ndani ya kipimo, rafiki hayumo. Inauma, maana ulipata haki yako, lakini ndivyo ilivyo. Kwa upande mwingine, taarifa ya mambo ya fedha aliyoapia mdaiwa huonyesha malipo hayo, kwa hiyo unaweza kuona kama alimlipa kaka yake kabla yako.

Kuna mdhamini aliyesaini naye. Yeye naye amekingwa?

Kwenye Sura ya 7, hapana, unaweza kumdai mdhamini. Kwenye Sura ya 13, kama deni ni la matumizi ya nyumbani, mdhamini naye amekingwa wakati kesi inaendelea, na unahitaji ruhusa ya mahakama.

Deni limesamehewa, lakini ameniambia atanilipa polepole kwa hiari yake.

Anaruhusiwa. Sheria haimkatazi mtu kulipa deni lililosamehewa. Wewe ndiye usiyeruhusiwa kuomba. Pokea, andika risiti, na mwezi asipoleta usiulize.

Nimetafuta kila jina, kila wilaya, binafsi na biashara. Hakuna. Sasa?

Basi kwa leo hajafungua, na njia za kawaida ziko wazi: barua ya madai, mahakama ya madai madogo kama kiasi kinaingia, wakili kama hakiingii. Chapisha ukurasa wa matokeo ukiwa na tarehe na uuweke kwenye faili lako. Asubuhi ya siku utakayokwenda kumshtaki, tafuta tena, na tafuta tena kabla ya kuomba mshahara wake ukatwe. Wengi hufungua kesi ya ufilisi wiki ileile wanapopelekewa karatasi za kukatwa mshahara.